Bahari Ilipogeuka Tabibu

Machi 1712, mama mmoja wa mji wa Lichfield, katikati ya Uingereza, alifunga safari ya kwenda London na mwanawe wa miaka miwili na nusu ili mtoto huyo aguswe na malkia. Tezi za shingo ya mtoto zilikuwa zimevimba na kupasuka. Waingereza waliyaita maradhi hayo ugonjwa wa mfalme, kwa kuwa kwa karne nyingi waliamini kwamba mkono wa mtawala aliyetawazwa kwa mafuta matakatifu ndio unaoyaponya. Malkia Anne akamgusa mtoto, akavishwa sarafu ya dhahabu shingoni, na mama akarudi naye nyumbani. Mtoto hakupona. Alikua na makovu shingoni na jicho moja lisiloona sawasawa, akawa Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi mashuhuri ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1755. Sarafu ile aliivaa mpaka alipofariki.

Aliyemshauri mama huyo aende London alikuwa Sir John Floyer, tabibu wa Lichfield. Floyer huyohuyo alikuwa ameanza kuandika, tangu mwaka 1697, vitabu vya kuwahimiza Waingereza waoge maji baridi. Alidai kwamba tangu makanisa yaache kuwazamisha watoto majini wakati wa ubatizo, miili ya watu ilikuwa imelegea na mifupa ya watoto imepinda. Kwa hiyo tabibu mmoja alishika tiba mbili kwa wakati mmoja: mkono wa malkia, uliokuwa ukielekea mwisho wake, na maji baridi, yaliyokuwa yakianza safari ndefu.

Mwaka 1714 Anne akafa, na wafalme wa ukoo wa Hanover waliomfuata hawakuiendeleza desturi ya kuwagusa wagonjwa. Ugonjwa ulibaki, tiba yake ya kale ikaondoka. Katika pengo hilo ndimo bahari ilimoingia.

Kisa cha Waingereza kuanza kwenda pwani kuoga husimuliwa zaidi kwa majina ya matabibu na wana wa wafalme. Nami nitawataja, maana wana sehemu yao. Lakini ukifuatilia mgonjwa alivyotoka London hadi akajikuta ndani ya mawimbi, unaona kwamba kila hatua ya mwisho ilikuwa mikononi mwa wavuvi, wake zao na wajane wao. Wao ndio waliomshika mgeni asizame, na wao ndio waliotangulia kuyajua maji hayo kabla ya kitabu chochote.

Mji ulioipa bahari mgongo

Mwanzoni mwa karne ya 18, Mwingereza wa bara hakuwa na sababu ya kuipenda bahari. Ilikuwa njia ya meli, shamba la wavuvi na mlango wa adui. Chukua mji wa Brighthelmstone, kwenye pwani ya kusini ya jimbo la Sussex, ambao leo dunia nzima inaujua kwa jina fupi la Brighton. Novemba 1703 tufani kubwa iliyoipiga Uingereza yote iliezua nyumba za mji huo. Agosti 1705 tufani nyingine ikaja, ikaufukia kwa changarawe mtaa wa chini uliokuwa ufukoni. Waliosalia walijenga juu ya jabali, na nyumba zao zikaelekea bara, zikaipa bahari mgongo.

Mwandishi Daniel Defoe, katika kitabu chake cha safari za Uingereza kilichoanza kutoka mwaka 1724, aliueleza mji huo kama mji maskini wa wavuvi unaoliwa na bahari kidogo kidogo. Wakazi walikuwa wamepewa kibali cha kuchangisha pauni 8,000 nchi nzima ili wajenge kingo za kuzuia maji. Defoe aliona kwamba nyumba zote za mji zikipigwa bei hazifiki fedha hizo.

Hata hivyo, watu wa kawaida wa pwani walikuwa wakiingia baharini kwa shabaha ya afya tangu zamani sana. Huko Lancashire, kaskazini magharibi, wanavijiji waliteremka pwani kwa makundi wakati wa bamvua la Agosti, wakiamini kwamba maji ya siku hizo yana nguvu ya kuponya na kukinga. Waliyanywa, wakayaoga, wakarudi mashambani. Hawakuandika kitabu, na hakuna aliyewatoza ada.

Waliotangulia kulifanya jambo hilo kuwa biashara ni watu wa Scarborough, pwani ya Yorkshire. Mji huo ulikuwa na chemchemi ya maji yenye madini iliyotoka chini ya jabali, karibu kabisa na ufuko. Tangu karne ya 17 matajiri walikwenda huko kunywa maji ya chemchemi, na tabibu Robert Wittie aliandika kuyasifu mwaka 1660, kisha akaongeza kwamba hata kuoga baharini kunafaa kwa wenye jongo. Mgonjwa aliyekunywa maji ya chemchemi alikuwa tayari amesimama juu ya mchanga, mawimbi yakivunjika mbele yake. Hatua chache zilimtenga na bahari. Mchoro wa John Setterington wa mwaka 1735 unaonyesha watu wakioga ufukoni Scarborough, na pembeni yao kibanda cha mbao chenye magurudumu. Hiyo ni moja ya picha za mwanzo kabisa za gari la kuogea.

Mwaka uliofuata, Julai 1736, kasisi William Clarke wa Buxted alikwenda na mke wake kupumzika Brighthelmstone. Barua aliyomwandikia rafiki yake inatupa sura ya mji kabla haujapata umaarufu. Walipanga vyumba viwili vya kukaa, viwili vya kulala na stoo, vyote kwa shilingi 5 kwa wiki. Asubuhi alioga baharini kisha akaenda kununua samaki. Jioni alipanda farasi kupunga upepo, akatazama mabaki ya ngome za kale na kuhesabu mashua zilizokuwa zikivua. Katika maelezo yake hamna tabibu, hamna dawa ya kipimo, hamna karamu. Ni mtu na familia yake juani. Barua ya Clarke inathibitisha kwamba raha ya pwani ilikuwapo bila fundisho la matabibu, ila ilikuwa bado ya wachache na haijapata mtu wa kuitetea.

Kitabu cha Daktari Russell

Mtetezi alipatikana Lewes, mji ulioko mwendo wa kilomita 13 hivi kutoka Brighthelmstone. Richard Russell alikuwa tabibu wa mji huo, na wagonjwa wengi waliomjia walikuwa na tezi zilizovimba, maradhi yaleyale ya mtoto wa Lichfield. Mwaka 1750 alichapisha kitabu kwa Kilatini kuhusu matumizi ya maji ya bahari katika kutibu magonjwa ya tezi. Mwaka 1752 kikatoka kwa Kiingereza bila idhini yake, ishara kwamba wauza vitabu wa London walikwishanusa faida. Toleo lake mwenyewe lilifuata mwaka 1753.

Hoja ya Russell ilikuwa rahisi kueleweka. Bahari, alisema, Mwenyezi Mungu ameiumba iwe kinga dhidi ya uozo wa mwili: chumvi inahifadhi nyama isioze, basi na itumike ndani ya mtu aliye hai. Aliagiza mgonjwa anywe kiasi cha nusu lita ya maji ya bahari asubuhi, yafanye kazi ya haluli na kusafisha tumbo, kisha aoge, na tezi zisuguliwe kwa mwani mbichi. Aliongeza na vitu vingine vya maduka ya dawa ya zama zile, kama sifongo ya bahari iliyochomwa. Alitaja pia sifa za ufuko unaofaa: uwe safi, uwe mbali na mdomo wa mto ili maji yasipunguzwe chumvi, uwe na mteremko wa polepole, na nyuma yake pawe na vilima vya kupandia farasi. Sifa hizo zilikuwa za Brighthelmstone tupu.

Mwaka 1753 Russell alihamia huko na kujenga nyumba kubwa mwisho wa kusini wa Steine, uwanja wa nyasi ulioshuka hadi ufukoni. Kwa desturi ya zamani wavuvi walianika nyavu zao kwenye uwanja huo na kuvuta mashua zao juu wakati wa dhoruba. Nyumba ya tabibu ilikuwa ya kwanza kubwa kuelekea baharini. Mji uliokuwa umeipa bahari mgongo kwa nusu karne ulianza kugeuka. Wagonjwa walimfuata tabibu wao, ndugu wakawafuata wagonjwa, na wale wasiougua chochote wakawafuata ndugu. Wasioweza kusafiri waliletewa maji ya Brighton yaliyotiwa chupani na kuuzwa London. Russell alifariki mwaka 1759, lakini njia ilikuwa imekwisha kufunguka.

Safari na makazi

Kutoka London hadi Brighton ni kilomita 80 hivi. Leo ni mwendo wa saa moja kwa treni, lakini katikati ya karne ya 18 njia za Sussex zilikuwa za udongo mfinyanzi, na mvua ikinyesha gurudumu lilizama hadi ekseli. Defoe alisimulia kwamba karibu na Lewes alimwona bibi mmoja mwenye cheo akienda kanisani kwa gari lililokokotwa na ng'ombe sita, kwa kuwa farasi wasingeliweza matope yale. Barabara za kulipia ushuru zilipoenea na mapato yake kutumika kuzikarabati, safari iliyokuwa ya siku mbili iliwezekana kufanywa kwa siku moja, mradi mtu aondoke alfajiri na kubadilisha farasi njiani.

Waliokwenda Margate, pwani ya Kent, walikuwa na njia nyingine. Majahazi yaliyopeleka nafaka London kwa mto Thames yalihitaji shehena ya kurudia, na mabaharia wakaona abiria wanafaa. Nauli ilikuwa ndogo kuliko ya gari la farasi. Ndani ya jahazi moja ungemkuta muuza duka, fundi viatu na familia yake, mwanamke aliyeshika kapu la vyakula, na kila mmoja wao akitapika upepo ukiwa mkali. Safari ingeweza kwisha kwa saa chache au kuvuka usiku kutegemea upepo na maji. Kwa sababu ya majahazi hayo Margate ulikuwa mji wa watu wa kipato cha kati na cha chini mapema kuliko miji mingine.

Mgeni akifika Brighton, kengele za kanisa la Mtakatifu Nicholas ziligongwa kumkaribisha ikiwa ni mtu mwenye jina. Kuanzia mwaka 1767 mji ulikuwa na msimamizi wa sherehe, William Wade, aliyetambulisha wageni wao kwa wao na kuangalia nani acheze dansa na nani. Mgeni aliandika jina lake katika daftari la maktaba, akalipa ada yake, na kuanzia hapo maktaba ilikuwa mahali pake pa kusoma magazeti, kusikia habari na kuonekana. Hoteli mbili kubwa, Castle na Old Ship, zilijenga kumbi za dansa katika miaka ya 1760. Wavuvi nao walipangisha vyumba. Familia ilijibana jikoni au darini ili mgeni apate chumba cha mbele, na kwa miezi ya msimu chumba hicho kiliwapa fedha ambazo nyavu hazikuwapa.

Ndani ya gari la kuogea

Kuoga kulifanywa mapema, mara nyingi kabla ya kifungua kinywa. Matabibu wengi walipendelea maji ya baridi kali, hata ya majira ya kipupwe, wakiamini kwamba baridi hufunga vinyweleo na kuimarisha mishipa. Mgonjwa hakuruhusiwa kujitosa tu. Kwanza alitayarishwa kwa siku kadhaa: alipewa dawa ya kuharisha, na wengine waliumikwa damu.

Pale Margate mtu alifika kwanza kwenye chumba cha kungojea, akaandika jina lake kwenye kibao kufuata zamu, akasoma gazeti au kunywa kipimo chake cha maji ya chumvi. Zamu ikifika alipanda gari. Lilikuwa kijumba cha mbao juu ya magurudumu, na mlango kila upande na kidirisha juu. Ndani mlikuwa na benchi. Farasi mmoja alilikokota polepole kuingia majini huku aliye ndani akivua nguo zake gizani, akiyumba, akisikia maji yakipanda chini ya mbao. Maji yalipofikia kimo cha sakafu, farasi alifunguliwa, akazungushwa upande wa pili, akaachwa pale hadi wakati wa kurudi. Ndipo mlango wa baharini ulipofunguliwa.

Benjamin Beale wa Margate, Mkweka, yaani mfuasi wa dhehebu la Kikristo la Quaker, aliongeza kitu kipya mnamo mwaka 1750: pazia la turubai lililofungwa kwenye pete nyuma ya gari, likateremshwa kama mwavuli mpana hadi kwenye uso wa maji. Mtu aliyeshuka ngazi alijikuta ndani ya chumba kidogo cha bahari, ameficha mwili wake na macho ya ufukoni. Wanawake walivaa gauni refu la sufu nzito. Wanaume kwa kawaida waliingia uchi, na hilo halikuhesabiwa kuwa ajabu.

Chini ya ngazi alisubiri mwogeshaji. Wanaume walihudumiwa na wanaume, wanawake na wanawake. Mwogeshaji alisimama majini hadi kiunoni, saa baada ya saa, katika baridi ileile ambayo mteja wake aliivumilia kwa dakika chache. Kazi yake ilikuwa kupima wimbi. Lilipokaribia, alimkamata mteja mabegani, akamzamisha kichwa na vyote, akamwinua, akamzamisha tena kwa idadi iliyoagizwa na tabibu. Wengi walioingia hawakujua kuogelea. Walishuka kwenye maji meusi ya alfajiri wakiwa na homa, kikohozi au hofu, na walichokuwa nacho cha kushikilia ni mkono wa mwanamke ambaye mumewe alikuwa mvuvi. Aliijua bahari kwa hesabu: maji yanajaa lini, yanapwa lini, wimbi la ngapi ni zito, wapi mchanga umechimbika tangu jana.

Mashuhuri kuliko wote alikuwa Martha Gunn wa Brighton, aliyezaliwa mwaka 1726 na kuendelea na kazi hiyo hadi uzeeni. Alikuwa mwanamke wa mwili mkubwa na mikono yenye nguvu, na wachoraji wa siku zake walimchora mara nyingi kiasi kwamba sura yake ilijulikana na watu ambao hawakuwahi kufika Sussex. Upande wa wanaume alikuwapo John Miles, aliyeitwa Smoaker. Watu wa Brighton wamesimulia kwa vizazi kwamba siku moja mwana wa mfalme alipoogelea mbali mno, Miles alimfuata, akamshika sikio na kumrudisha ufukoni, kwani mrithi wa ufalme akizama ni yeye Miles atakayenyongwa.

Mwandishi Fanny Burney aliandika katika kumbukumbu zake kwamba Novemba 1782 yeye na rafiki yake Hester Thrale, pamoja na mabinti wa Thrale, waliamka kabla ya mapambazuko, mwezi ukiwa bado angani, wakaenda ufukoni Brighton ambako waogeshaji walikuwa wameagizwa kuwangojea. Wakaingia baharini, wakatoka, wakarudi nyumbani kujipamba. Burney aliyapenda yale maji, baridi na yote. Nikimsoma napata kumfikiria zaidi yule mwogeshaji asiyetajwa jina: yeye alikuwa amefika ufukoni kabla yao, na walipokwenda kunywa chai alibaki akingojea gari la pili.

Familia ya Thrale ilikuwa na nyumba Brighton, na rafiki yao mkubwa alikuwa Samuel Johnson. Alianza kuwatembelea huko miaka ya 1760, akiwa amevuka miaka 50. Aliogelea vizuri, na mwogeshaji mmoja alipomwona akikata maji alimsifu kwamba enzi za ujana wake lazima alikuwa shujaa. Mtu aliyekuwa ameguswa na malkia akiwa mtoto sasa aliingia, akiwa na makovu yake, katika dawa iliyochukua nafasi ya ule mguso.

Wafalme wanashuka pwani

Wahenga walisema bahari iliko ndiko mito iendako, na watu wa mitindo huenda aliko mwana wa mfalme. Septemba 1783 George, mrithi wa ufalme aliyekuwa na miaka 21, alifika Brighton kumtembelea ami yake, Duke wa Cumberland. Matabibu walikuwa wamemshauri bahari kwa sababu tezi za shingo yake zilivimba. Alirudi mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1787 msanifu Henry Holland aliipanua nyumba ya shamba aliyopanga kijana huyo karibu na Steine, na nyumba hiyo ndiyo iliyokuja kugeuzwa na John Nash, kati ya 1815 na 1822, kuwa kasri la makuba ambalo watalii wanalijia hadi leo. Martha Gunn alipendwa na mwana wa mfalme na aliruhusiwa kuingia hadi jikoni kwake.

Baba yake, Mfalme George wa Tatu, alichagua mji mwingine. Baada ya maradhi yaliyomvuruga akili mwishoni mwa 1788, alipata nafuu, na kiangazi cha 1789 alipelekwa Weymouth, pwani ya Dorset. Fanny Burney, aliyekuwa sasa akimhudumia malkia, alikuwapo. Alieleza kwamba waogeshaji wa mfalme walivaa maneno ya kumwombea mfalme kwenye kofia zao na mikanda ya viunoni walipoingia majini. Mfalme alipozamisha kichwa mara ya kwanza, bendi iliyofichwa ndani ya gari la jirani ikapiga wimbo wa taifa. Katika mwezi huohuo wa Julai, ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari, watu wa Paris waliivamia ngome ya Bastille. Waingereza walimshangilia mfalme akiwa ndani ya maji. George wa Tatu alirudi Weymouth tena na tena hadi mwaka 1805.

Heshima hiyo ilikuwa na gharama, na waliolipa ni wenyeji. Pale Brighton, wageni waliotembea Steine jioni walilalamika kwamba wanajikwaa kwenye nyavu. Kidogo kidogo uwanja ulizungushiwa uzio, kijito kilichopita hapo kikafukiwa mwaka 1793, na wavuvi wakasukumwa mbali na ardhi waliyoitumia tangu mababu. Sensa ya kwanza ya Uingereza, ya mwaka 1801, iliukuta mji huo na watu 7,339, wakati miaka 50 nyuma walikuwa kama 2,000. Kazi ziliongezeka, kodi ya nyumba ikapanda, na mvuvi aliyekuwa mwenyeji wa mgeni akawa mtumishi wake.

Bahari kwa maskini

Jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko makasri yote hayo lilifanyika Margate. John Coakley Lettsom alikuwa tabibu Mkweka aliyezaliwa katika Visiwa vya Virgin, huko Karibiani. Aliporithi watumwa kutoka kwa baba yake, alirudi kisiwani mwaka 1767 akawaachia huru, ingawa wao ndio waliokuwa sehemu kubwa ya urithi wake. Baadaye, akiwa tabibu mwenye jina London, aliona kwamba ugonjwa wa tezi ulikuwa ukiwala zaidi watoto wa vichochoro vya mji, waliolala chumba kimoja watu wengi na kula mkate mkavu, ilhali dawa iliyosifiwa ilikuwa ikinunuliwa na wenye magari ya farasi.

Mwaka 1791 Lettsom na wenzake walianzisha hospitali ya kuoga baharini kwa ajili ya maskini. Ilifunguliwa Margate mwaka 1796. Wagonjwa walikuja kwa majahazi yaleyale ya nafaka, wakapewa kitanda, chakula na zamu yao katika magari ya kuogea. Jengo lilikuwa na baraza za wazi ambapo wagonjwa walikaa na hata kulala kwenye hewa ya bahari. Ilihudumia watu kwa miaka 200, mpaka ilipofungwa mwaka 1996.

Je, bahari iliwaponya? Mwaka 1882 Robert Koch wa Ujerumani alitambua kimelea cha kifua kikuu, na kwa njia hiyo ikadhihirika kwamba tezi zilizovimba za ugonjwa wa mfalme zilikuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye tezi. Chumvi haiui kimelea hicho, iwe imenywewa au imeogwa. Sifongo iliyochomwa ina madini ya joto, ambayo yanafaa kwa tezi ya shingo inayovimba kwa kukosa madini hayo, lakini huo ni ugonjwa mwingine. Russell alikosea kuhusu sababu. Hata hivyo mtoto aliyetolewa kwenye moshi wa London, akapata jua, hewa safi, usingizi na shibe kwa wiki kadhaa, aliupa mwili wake nafasi ya kupambana. Wale waliorudi wakiwa na nguvu hawakuwa wakijidanganya. Kilichowasaidia hakikuwa ndani ya kikombe.

Ndiyo maana sikubali historia hii iishie kwa daktari na mwana wa mfalme. Kitabu cha Russell kiliwapa matajiri ruhusa ya kwenda pwani, na George akaipa pwani fahari. Lakini faida ya kweli ya pwani, yaani kupumzika, kula, kupumua na kuondokana na hofu ya maji, ilitolewa na watu ambao majina yao machache tu yameandikwa. Waliwapisha wageni vitandani mwao. Waliwavusha kwa majahazi yao. Walisimama kwenye baridi na kuwashika wasizame. Reli ilipofika Brighton mwaka 1841, na vibarua wa London wakaanza kumiminika kwa maelfu siku za mapumziko, walikuta ufuko ambao tayari umefundishwa kupokea watu. Mafundisho hayo yalikuwa ya Martha Gunn na wenzake, na anayeandika historia ya afya ya Uingereza anastahili kuwaweka katika ukurasa mmoja na matabibu.